Jina la Kuandikwa Juu ya Pimbi

Haya, sogeeni. Hadithi hii ina watu wanne wenye vipaji, na mmoja wao ni marehemu. Mkishaisikia mniambie nani apewe haki yake, maana niliyemuuliza kwanza alishindwa, naye alikuwa msomi.

Dkt. Semboja alikuwa na kipaji cha wajibu. Mwonyeshe jambo lolote, hata mtoto anayekula embe, naye atakuonyesha papo hapo kanuni iliyovunjwa. Dkt. Tumsime alikuwa na kipaji cha matokeo. Mama huyu hakuuliza kama jambo ni jema. Aliuliza litawafaa wangapi, na jibu alikuwa nalo kabla hujamaliza kukohoa. Profesa Lusekelo alikuwa na kipaji cha tabia njema. Alijua mtu mwema anavyosimama, anavyoketi na anavyokunywa chai, na mfano aliokuwa nao karibu siku zote ulikuwa yeye mwenyewe.

Wa nne alikuwa Mwalimu Nakijwa, aliyefundisha darasa la pili kule Upareni kwa miaka thelathini na mmoja. Kipaji chake kilikuwa kidogo. Akisimulia, watoto sitini walisahau kengele.

Mumewe, Mzee Yona Mfinanga, alimzika mwezi wa pili. Mwezi wa nne, akipanga vitabu vya marehemu, alikuta daftari lenye hadithi ya kurasa kumi na nne. Pimbi, mnyama mdogo wa kwenye miamba, alimwapia mama yake kwamba hatasema uongo maishani. Siku moja Kanga akaja mbio na vifaranga wake, akajificha katika pango la Pimbi. Nyuma yake akafika Chui. "Pimbi, wewe husemi uongo. Kanga yuko wapi?" Pimbi akasema, "Ameteremkia bondeni." Chui akateremka, Kanga akapona. Lakini siku ile Pimbi hakula, akikumbuka kiapo chake. Kanga akamtazama, akamwuliza, "Sasa umefanya vizuri au vibaya?"

Hadithi iliishia hapo. Chini yake Nakijwa alikuwa ameandika kwa penseli: Watoto wajibu wenyewe. Usiwasaidie.

Mzee Yona akalipeleka daftari kwenye kamati inayopitisha vitabu vya watoto. Kamati ilikuwa na fomu, na fomu ilikuwa na swali: Hadithi hii inafundisha nini? Mzee Yona akajaza neno moja: Inauliza. Fomu ikarudishwa.

"Mzee wangu," akasema katibu, Bi. Asteria, "hadithi bila funzo ni ugali bila mboga."

"Watoto wa mke wangu waliula hivyo hivyo, wakashiba."

"Hao hawakuupeleka kwenye mtihani."

Basi wakaitwa wale mabingwa watatu wa maadili, waiokoe hadithi.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa uongo wa Pimbi. Kamati ilisema haiwezi kumpa mtoto wa miaka minane mnyama mwongo ambaye hakuna aliyemwadhibu. Dkt. Semboja akakaa na daftari siku tatu. Aliporudi, Pimbi hakusema tena neno. Alinyamaza, akatazama bondeni.

"Kutazama si kusema," alieleza Semboja. "Chui amejidanganya mwenyewe. Pimbi hana doa."

Mzee Yona aliwahi kuusikia utetezi huo kwa watoto waliovunja dirisha la shule, ila wale walikuwa na haya ya kuinamisha uso. Hata hivyo, kamati ikaridhika. Bila Semboja, daftari lingerudi sandukuni siku ile.

Kikwazo cha pili kililetwa na mjumbe aliyeuliza faida iko wapi, na kama Chui naye hana watoto wa kulisha. Dkt. Tumsime akalifuta swali la Kanga, akaweka kurasa mbili mahali pake. Vifaranga wakakua, wakawa kanga mia moja na wanne, wakala nzige wote, kijiji kizima kikavuna mahindi. Na Chui naye, ili asilale njaa, akapata nyani mzee.

"Kwa nini nyani?" akauliza Mzee Yona.

"Mzee, nimepiga hesabu. Nyani yule alikuwa amezeeka, mke hana, anayemtegemea hana. Hasara ni ndogo mno."

Mzee Yona akafunga kifungo cha koti lake. Kamati ikapiga makofi. Bila Tumsime, mjumbe yule asingeinua mkono wake.

Kikwazo cha tatu kilikuwa watoto wenyewe. Ilipojaribiwa darasani, hadithi ile yenye mnyama asiyesema na kanga waliohesabiwa iliwalaza. Msichana mmoja aliuliza kama wanaweza kurudi kwenye hisabati. Ndipo Profesa Lusekelo akaenda shuleni mwenyewe. Kwanza alieleza kwa dakika kumi kwamba yeye si mtu wa kujikweza. Kisha akamwongezea Pimbi hofu. Meno ya Pimbi yakagongana, ka-ka-ka, na bado hakukimbia. Profesa alipochuchumaa na suti yake na kutetemeka, darasa zima likaanza, ka-ka-ka, madawati yakatikisika. Na Mzee Yona, aliyeketi nyuma kabisa, akacheka. Alikuwa hajacheka tangu mwezi wa pili, na ilimuudhi kwamba kichekesho kimetoka kwa mtu yule. Bila Lusekelo, watoto wangekikataa kitabu.

Kitabu kikapita. Shule zote zingekipata. Likabaki jambo moja: vitabu vya darasa la pili huandikwa jina moja tu la mwandishi, kwa sababu mtihani huuliza mwandishi ni nani, na kamati haitaki watoto wachanganyikiwe.

Hapo ndipo vipaji vilipohama. Semboja, mtu wa wajibu, akasema jina lake litafanya walimu wengi wakipokee kitabu. Tumsime, mtu wa matokeo, akasema liwe liwalo, yeye aliahidiwa na kamati kwamba ataandikwa, na ahadi ni ahadi. Lusekelo akasema yeye hapendi sifa, akalisema mara nne, kila mara kwa sauti kubwa zaidi.

"Kaka Semboja," akasema Tumsime, "wewe ulifuta neno moja tu."

"Na wewe, dada, ulimlisha chui babu wa watu!"

"Tusigombane," akasema Lusekelo. "Mbona mimi nimetulia?"

Mzee Yona aliwatazama kama mtu anavyowatazama kuku wanaogombania utumbo wa kuku mwenzao.

Bi. Asteria akamsogezea karatasi. "Mrithi wa daftari ni wewe, mzee. Jina utakaloandika ndilo litakalochapwa. Usipoandika, hakuna kitabu."

"Andika Nakijwa."

"Huo utakuwa uongo," akasema Semboja, safari hii kwa upole. "Katika kurasa kumi na nne za mama, zimebaki saba. Swali lake halimo. Unataka watoto waamini kwamba yule nyani aliandikwa na mkeo?"

Mzee Yona alijua kwamba hilo ni kweli. Nakijwa angeupiga ukurasa ule wa nyani msalaba kwa kalamu nyekundu. Lakini kitabu kikitoka bila jina lake, miaka ile thelathini na mmoja itabaki vichwani mwa watu wanaozeeka. Na akilichukua daftari aende zake, Nakijwa atabaki msafi, na hakuna mtoto mwingine atakayemjua Pimbi.

"Mtambo wa kuchapa unasubiri," akasema Bi. Asteria.

Mzee Yona akaishika kalamu.

Mimi naishia hapo. Semboja alikipitisha, Tumsime alikipatia kura, Lusekelo alikipatia watoto, na Nakijwa aliwapa wote watatu kitu cha kuharibu. Aandikwe nani? Au mzee alichukue daftari lake? Msiniambie wote wanastahili sawa. Hilo hata kamati inalijua, na halijamsaidia mtu. Haya, wewe uliyekaa karibu na mlango, anza wewe: je, ungeamua vipi?