Kanga na Kazi ya Ghala la Mfalme

"Paukwa!"

"Pakawa!"

Mbona mnaitikia kivivu? Mtu akiitwa aitike! Kuna mmoja aliitwa akanyamaza, na mpaka leo nikimkumbuka roho inaniuma.

Hapo zamani za kale, mvua ilipokataa kunyesha, Mfalme Simba alitafuta mlinzi wa ghala lake. Mlinzi huyo angekula, yeye na wanawe, mpaka mvua irudi. Wakafurika wanyama, wakafurika ndege, wakafurika hata wadudu. Nafasi yenyewe moja tu!

Alikuwapo Kanga. Nyoka akitikisa jani, Kanga keshapiga kelele, kijiji kizima kiko macho. Wazazi wake walimpa jina Sikudhani. Lakini tangu amzae Chausiku, kifungua mimba wake, watu wote walimwita Mama Chausiku. Hata mumewe.

Bundi, mwalimu wake wa zamani, alikuwa amemtangulia barazani. "Sikudhani nimemfundisha mimi," alimwambia mfalme. "Kwa ulinzi hana mwenzake." Kisha akaenda zake.

Langoni Nyani, bawabu, akamuuliza Kanga, "Nani wewe?"

"Mama Chausiku, bwana."

"Kaa pale, usikilize jina lako."

Akakaa. Wanawe nyumbani walikuwa hawajatia kitu mdomoni. Akajisemea kimoyomoyo: nitasema naona mbali, nitasema silali ovyo, nitasema sili cha watu.

Mlango ukafunguliwa. Nyani akaita, "Sikudhani!"

Nyani akapaza sauti.

"Sikudhani!"

Kanga akatazama kulia, akatazama kushoto, akatazama nyuma. "Jamani, huyo Sikudhani yuko wapi?" akamuuliza Pimbi aliyekaa kando yake. "Anachezea bahati!"

"Sikudhani! Hayupo? Haya. Mama Chausiku!"

"Abee!" Kanga akaingia mbio.

Simba akamuuliza, "Nani anakujua?"

"Mwalimu Bundi."

"Bundi kamtaja Sikudhani, na Sikudhani hakuitika. Wewe huna shahidi. Mtoeni."

Ndipo Kanga alipozinduka. "Sikudhani!" akalia. "Sikudhani!"

"Hukudhani nini?" Nyani akamsukuma nje. "Kila anayekataliwa hunililia hivyo hivyo."

"Ni jina langu!"

"Na Mama Chausiku je?"

"Ni mimi vilevile!"

"Basi mko wawili, na nafasi ni moja. Pimbi!"

"Naam!"

Pimbi, jamani, anayelala mpaka jua la utosi! Lakini aliitwa Pimbi, akaitika Pimbi, na mjomba wake alimshuhudia kwa jina la Pimbi. Akapewa funguo.

Kanga akarudi nyumbani mabawa yameanguka. Vifaranga wakamkimbilia. "Mama, umepata? Mama, tunakula? Mama, mbona hujibu?"

Akakaa chini. "Wanangu, mimi naitwa nani?"

Wakatazamana. Chausiku, mkubwa wao, akacheka. "Si Mama Chausiku!"

Kanga akawakumbatia, akalia.

Yangu yamekomea hapo. Nanyi, kabla hamjalala, kawaulizeni mama zenu majina yao.