Halua ya Sultani Dhulkifli

Tegeni masikio, mlioshiba na mlio na njaa, niwasimulie habari za Sultani Dhulkifli wa mji wa Sandarusi, mji wa kuta nyeupe na bustani za mikomamanga, ambao watu wake walikuwa na desturi moja ya kipumbavu: kazi ya baba hurithiwa na mwana, apende asipende. Kwa hiyo bawabu wa jumba alisinzia mlangoni, na mpiga zumari akapiga miayo kuliko zumari, na Sultani mwenyewe kila akikaa barazani kuamua mashauri kichwa kilimuuma, hata matabibu wakamkatia tamaa.

Basi alipofariki mpika halua wa jumba, sufuria ya shaba ikamwangukia mwanawe, Mahfudhi, kijana mwema, lakini halua, jamani, haikuwa kazi yake. Halua haitaki uuache mwiko hata kidogo, naye akisikia ndege analia bustanini, huyo mbio! Siku hizo alikuwa akimtibu kipanga wa Binti Sultani Badriya, aliyevunjika bawa, na, tusifichane, alimpenda kipanga na akampenda zaidi mwenye kipanga. Nyuma yake halua ikaungua. Sultani akaapa kwamba ikiungua tena, Mahfudhi atatolewa mjini asirudi kamwe.

Ikaungua tena. Mahfudhi akawa anakwangua ukoko huku machozi yanamtoka, na chini ya ukoko akakuta muhuri, na muhuri ulipobanduka likatoka jini refu kama mnara, likapiga chafya na kusema, "Labeka, bwana wangu! Mimi Taghriyasi, mtumwa wa sufuria hii. Niamrishe."

"Nipikie halua, nisifukuzwe!"

"Na kesho je? Mikono yako haina kosa, bwana wangu, ila imewekwa pasipo pake. Nipeleke kwa Sultani."

Mbele ya kiti cha enzi jini likainama. "Ewe mfalme wa zama, kabla hujamfukuza huyu, niruhusu nimpime, yeye na watu wako wote. Nitatandaza uani vyombo vya kila kazi, na kila mtu aingie peke yake, nami nitamsahaulisha kuwa anatazamwa. Tuone mikono yake inakwenda wapi."

Sultani akaridhia. Bawabu akaikimbilia zumari akaipuliza hata watu wakacheza, na mpiga zumari akashika mkuki akasimama wima, macho makavu. Mahfudhi akaupita mwiko asiuone, akaketi kumlisha kipanga. Badriya akakaa kwenye kiti cha hukumu cha babaye, akawaita wajakazi waliokuwa wakigombana nje, akawapatanisha mara moja.

"Nami nipimeni," akasema Sultani kwa kicheko. Akaingia, akakipita kiti chake, akavua joho, akashika mwiko, akakoroga huku akiimba mpaka halua ikaiva, inang'aa, na kichwa kikapona.

"Lahaula!" akalia kwa furaha. "Miaka yote nadhani naumwa, kumbe nafanya kazi ya baba yangu!"

Papo hapo akamweka Mahfudhi kuwa mkuu wa ndege wa jumba, na binti yake kitini. Badriya akasema, "Baba, na kazi ya kuwa mume wangu, mtu nimekwisha kumpima."

Wakaoana, na halua ya harusi akaipika Sultani kwa mkono wake, wala hakukubali kusaidiwa. Nawe unayetafuta mtu wa kazi, usimuulize kwanza ni mwana wa nani. Muulize ni kazi gani humsahaulisha kula.