Karibu ya Tatu

Paukwa!

Pakawa.

Nini hiyo? Mmeitika kama watu waliokwisha kulala. Paukwa!

Pakawaaa!

Haya. Kaondokea Kindi, mkia kama ufagio, kajenga tunduni mwa mkorosho, kaweka akiba. Akakaa yeye na wanawe wanne, na korosho zao za kuwavusha masika. Zikiisha korosho, wale watoto hawaioni kiangazi. Hiyo ndiyo habari yenyewe, msiniulize tena.

Sasa jirani yao alikuwa Nyani. Dume, kifua hiki, meno haya! Kila Bi Kindi akitandika mkeka, puu! Nyani ameshuka.

"Shemeji, mnakula?"

"Shemeji kwa nani?"

"Wewe una mkia, mimi nina mkia. Si undugu huo?"

Akakaa. Kachu, kachu, kachu! Akala za mama, akala za watoto, akafuta mdomo, akaenda zake. Kesho yake, puu! Kachu, kachu, kachu! Keshokutwa, puu! Bi Kindi akachungulia akiba: imebaki nusu, na mvua haijatonya hata tone.

Siku ya nne hakungoja aulizwe.

"Shemeji, hivi wewe hujatembelea kile kisiwa?"

"Kisiwa gani?"

"Kile pale. Sultani wake yuko mbali ng'ambo, hajapata hata kukikanyaga. Kamweka Komba awe liwali. Mapapai yanaanguka, hakuna wa kuyaokota."

Mate yakamdondoka Nyani, ta, ta, ta.

"Nitafikaje? Mimi na maji hatupatani."

"Kwa miguu. Mwezi ukiandama, bamvua hiyo, bahari inakupwa mpaka fungu la mchanga linatokeza. Unavuka mkavu. Kurudi, ungoje bamvua ya mwezi mpevu."

"Nichukue nini?"

"Tumbo."

"Ninalo!"

"Na adabu."

"Hiyo ndiyo nini?"

Bi Kindi akasonya, lakini kwa ndani.

"Sikiliza. Kule ukikuta watu wanakula, watakuambia karibu. Usikae! Karibu ya kwanza ni ya mdomo, sema starehe. Ya pili ni ya ujirani, sema starehe. Ya tatu ndiyo ya chungu. Hapo kaa, kula mpaka ulegee. Ukiiparamia ya kwanza, watajua huna kwenu. Na wenyeji wa kule ni kima mia tatu, wana mawe."

"Nikisahau je?"

"Tujizoeze."

Wakajizoeza siku sita. Bi Kindi akitandika mkeka, puu! Nyani huyo.

"Karibu!"

"Starehe!"

Kachu, kachu, watoto wanakula.

"Karibu!"

"Starehe!"

Kachu, kachu, watoto wamemaliza.

"Na ya tatu?" akauliza Nyani.

"Ya tatu iko kisiwani, shemeji. Usiimalize hapa."

Mwezi ukaandama. Nyani akavuka, chwapu, chwapu, chwapu. Nyuma yake maji yakajaa, shwaaa!

Siku ya kumi Shakwe, ndege wa pwani, akatua mkoroshoni.

"Bi Kindi, yule mgeni wenu mgonjwa?"

"Kwa nini?"

"Kule mtu hukaribishwa mara moja tu. Akisema starehe, wenyewe wanaendelea kula. Kima mia tatu wamemkaribisha, mia tatu kawaambia starehe. Anaokota kaa ufukweni. Na liwali kamsimamisha barazani, kasema hajapata kuona mgeni mwenye adabu kama huyu. Kamvika kilemba cha jani la mgomba!"

"Lo," akasema Bi Kindi, akampa mwanawe korosho nyingine.

Mwezi ukapevuka. Nyani akarudi, mbavu zahesabika, kilemba kichwani kimenyauka. Njia nzima anawatangazia ngedere na kanga: "Mnaniona? Mwenye adabu kupita wote ni mimi, kasema liwali!" Wakamfuata wote, wakatazame adabu.

Akafika mkoroshoni, Bi Kindi na wanawe ndio kwanza wametandika. Moyo ukampiga Bi Kindi, du, du, du. Huyu akitaka kunyang'anya leo, nani wa kumzuia? Ni kilemba tu.

"Karibu, shemeji."

Nyani akazitazama korosho. Akawatazama watu. Kilemba kikateleza, akakidaka. Tumbo likasema nguruuu.

"Sta..." Akakishika kilemba kwa mikono miwili. "Starehe."

"Haya, ahsante."

Kachu, kachu, kachu.

Nyani akasimama kungoja ya pili, angoje na ya tatu. Kesho yake akaja, akangoja. Masika yakaingia, masika yakatoka, watoto wa Kindi wakaota mikia kama fagio, na karibu ya tatu bado iko kisiwani.

Hadithi imeishia hapo. Ikiwa tamu, gawaneni. Ikiwa chungu, niachieni mwenyewe.

Na funzo, maana bila funzo mtasema nimewapotezea wakati: hila haifai. Mimi naichukia hila, nasema kavukavu, na ninyi semeni kavukavu. Mjanja hanenepi. Bi Kindi alinenepa, ndiyo, lakini mwaka ule mvua zilikuwa nzuri. Na wewe unayecheka huko nyuma, ukipita kwangu ukanikuta nakula, nitakukaribisha. Unajua la kujibu.