Nani Alimfikisha Mtoto Kigangoni?

Waliokuwa ndani ya gari siku ile ni hawa: mume wangu Apolinari, aliyeshika usukani, mama yangu mzazi, Gaudensia, aliyekaa mbele kushoto, wifi yangu Emiliana, nyuma, mimi, pembeni yake, na mtoto wetu wa kwanza, msichana, ambaye alikuwa bado hana jina. Wajueni vizuri watu hawa, wakubwa kwa wadogo mnaonisikiliza, maana mzigo wao nitawatwisha nyinyi.

Apolinari ni fundi cherehani, na vidole vyake vinaona. Hutunga uzi kwenye sindano huku anazungumza na mteja, macho yako mlangoni. Emiliana anafundisha kwaya parokiani, na masikio yake hayalali. Kwaya nzima ikiimba, humjua mmoja aliyekosea sauti, na humtaja kwa jina. Mama yangu anauza maziwa, na pua yake ni ya ajabu. Huyajua maziwa yanayotaka kuharibika kabla yenyewe hayajaamua.

Tulikuwa tunatoka Singida mjini kwenda kijijini kwa kina Apolinari, mtoto akabatizwe kigangoni. Padre hufika kule mara chache, na misa ikiisha hupanda pikipiki kwenda kigango kingine. Bibi Leokadia, bibi yake Apolinari, alikuwa mgonjwa, hatoki tena kitandani. Lakini alikuwa ameapa kwamba siku hiyo atabebwa kwenye kiti chake mpaka kanisani, amshike kitukuu wake mwenyewe maji yakimwagwa. Padre atakaporudi safari nyingine, hakuna aliyejua kama atamkuta. Hilo ndilo nililoliwaza njia nzima.

Gari lenyewe ni dogo, la zamani, na ni la ukoo wote, kwa hiyo halina mwenyewe. Kila ndugu huliazima akidhani mwenzake alikwisha kuangalia oili, maji na upepo wa matairi. Rejeta tumeinywesha maji ya kisima ya chumvi miaka yote, mpaka imeota kutu. Na asubuhi ile tuliliongezea jambo jingine. Kwetu mkwe wa kiume hakai karibu na mama mkwe wake, wala hasemi naye uso kwa uso. Lakini goti la Mama limevimba, halikunjiki, na nyuma hapamtoshi. Basi tukatundika kanga kati ya viti viwili vya mbele, Mama huku, mkwewe kule. Kanga ikamziba Apolinari kioo cha kushoto, ikabidi Emiliana awe kioo chake.

Lami ilipoisha, Emiliana alimwambia kaka yake asimame. Apolinari akajibu kwamba tumechelewa, na hayo ni mawe yanagonga chini. Mimi nilisikia gari tu, kama kawaida yake ya kulalamika. Emiliana akashikilia: mlio ule haufuati mawe, unafuata gurudumu, tukienda pole nao unakwenda pole. Wakabishana mpaka mtoto akaamka na kuanza kulia. Mwishowe Apolinari akasimama kwa hasira, akashuka. Gurudumu la nyuma, alilolibadilisha jana yake, nati zake zilikuwa zimelegea zote, moja unaizungusha kwa vidole. Mbele yetu palikuwa na mteremko, na chini yake korongo. Akazikaza. Wifi yangu alimshikia koti la misa lisichafuke.

Tulipoumaliza mteremko, Mama akanigeukia. Akasema nimwambie mwenzangu kwamba anasikia harufu ya sufuria iliyokaukiwa maji. Apolinari alikuwa amesikia kila neno, kwa sababu kanga si ukuta, lakini akasubiri nimrudilie. Kisha akanijibu mimi kwamba mshale wa joto haujapanda. Nikamkumbusha kwamba mshale huo haujapanda tangu tuoane. Akasimama, akafungua boneti, mvuke ukamfukuza. Mpira wa maji wa juu ulikuwa umepasuka, na rejeta ilikuwa inakaribia kuwa tupu. Ikabidi tukae juani injini ipoe. Nilitazama barabara nikatamani kumbeba mtoto nitembee kwa miguu. Mama alifungua ule mpira wa baiskeli anaofungia mfuniko wa dumu la maziwa, akautoa dirishani. Apolinari akauzungusha kwenye mpasuko, akakaza. Maji yetu yote ya kunywa tukaimiminia rejeta. Mama alikuwa hajanywa tangu asubuhi, akasema kiu yake inaweza kungoja.

Basi tukapanda. Apolinari akazungusha ufunguo. Kimya.

Akajaribu tena, kimya vilevile. Akashuka, akafungua boneti, akaifunga, akaifungua. Akalizunguka gari. Nilipomuuliza kuna nini, akasema anaangalia tu. Nikauliza tena, akaangalia tu. Emiliana alishindwa kuvumilia.

"Kaka, unaitazama injini kana kwamba itakuamkia shikamoo."

Hapo Apolinari akanivuta nyuma ya buti, akaninong'oneza. Alijua tangu mwanzo. Ni fyuzi imeungua, na dawa yake ni kuchomoa ile ya redio, ambayo ni saizi moja, na kuipachika mahali pake. Lakini kisanduku cha fyuzi kiko chini, mbele ya magoti ya abiria wa mbele. Yaani magoti ya Mama.

Nilitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Bibi yake yuko juani kwenye kiti, padre anafunga mizigo, naye anaonea haya goti. Nikafikiria kumteremsha Mama, lakini kumtoa na kumrudisha ni kazi ya watu wawili na maumivu matupu, na mtoto, niliyempa amshike injini ilipokuwa inapoa, alikuwa ndiyo kwanza amelala kifuani pake. Nikasema nitachomoa mimi. Apolinari akatikisa kichwa: zimebana, na mimi sizijui ipi ni ipi.

Nimekwisha kusema kwamba kanga si ukuta. Mama akaitungua kule ilikotundikwa, akajifunika kuanzia kiunoni hadi nyayo, akachomekea kila upande. Kisha akaniita.

"Mwanangu, mwambie mkwe wangu hapa hapana miguu tena. Pana kanga tu. Aingize mkono."

Apolinari akachuchumaa mlangoni, uso wake ameugeuzia milimani, jasho linamtoka. Akaingiza mkono chini na kupapasa. Hakutazama hata mara moja. Vidole vikahesabu vyenyewe, vikachomoa iliyoungua, vikachomoa ya redio, vikapachika. Mama naye alikuwa amelitazama dirisha la upande wa pili, midomo ameibana asicheke. Gari likawaka.

Tulipofika, misa ilikuwa imekwisha na watu wametawanyika. Bibi alikuwa bado mlangoni mwa kanisa kwenye kiti chake, amekataa kurudishwa nyumbani. Padre alikuwa anafunga sanduku lake kwenye pikipiki. Bibi alitaka kujua kilichotuchelewesha, tukamweleza wote kwa pamoja mpaka akainua mkono. Akasema basi mtoto atachukua jina la aliyemfikisha.

Emiliana hakungoja. Alisema bila sikio lake tungekuwa korongoni sote, na korongoni hakuna anayehitaji rejeta wala fyuzi. Mama akasema, kwa sauti ya chini, kwamba yeye kanusa tu. Lakini akaongeza kwamba injini iliyokufa haifufuliwi na fyuzi, wala gurudumu zima halikokoti gari bovu. Apolinari akaniambia mimi niwaambie wao kwamba magurudumu yalikuwa yamekazwa na maji yamejaa, na bado tulikuwa tumesimama. Emiliana akacheka, akasema hata hivyo ni Mama aliyejifunika kanga, kwa hiyo Mama ahesabiwe mara mbili. Mama akakataa: kujifunika kanga si kutengeneza gari.

Mtu mmoja akashauri apewe majina yote matatu, Emiliana Gaudensia Apolinaria. Bibi akasema mtoto si kapu.

"Jina moja, jamani," padre akasema. "Mafuta ninayo, maji ninayo. Jina ndilo sina."

Bibi akanigeukia mimi, akaniita kama mabibi wanavyowaita wake za wajukuu wao.

"Mke mwenzangu, uliyezaa ni wewe. Sema."

Wote watatu wakanitazama, na wote watatu nawapenda. Aliyesikia alituokoa na korongo. Aliyenusa aliiokoa injini. Aliyepapasa alituondoa pale tulipokwama. Nyinyi mliokaa hapa, mngekuwa mimi, mtoto mikononi na padre anasubiri, mngetaja jina la nani?

Alibatizwa siku ile ile, na Bibi ndiye aliyemshika.