Gari Jeupe la Mwantumu na Mazulia ya Msikiti

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya mbali kwa sababu waliokuwapo bado wanapishana sokoni na vikapu vyao, palikuwa na mji mdogo ukiitwa Kwemdimu, pale mlima unapoanza kupanda. Sogeeni. Hadithi hii ina watu watatu na gari moja, na mwisho wake nitawaachia nyinyi, maana mimi umenishinda.

Mtu wa kwanza ni Mwantumu, mjane, na kazi yake ilikuwa usafi. Alianza na ndoo na dekio kwenye nyumba ya wageni karibu na stendi, akajikongoja mpaka akapata pampu ya maji na brashi kubwa, akawa anaosha makochi, magodoro na mazulia. Mtu wa pili ni Saumu, mwenzake tangu enzi za ndoo, mwanamke mwembamba, mchapakazi, asiyependa maneno mengi. Wa tatu ni Mbwana, fundi magari, mdogo wake marehemu mume wa Mwantumu. Shemeji huyu alikuwa fundi kweli, tatizo lake ni kwamba hakujua kumkatalia mtu. Kila aliyemwita alijibiwa, "Nakuja."

Uani kwake Mwantumu alikuwa na sheria moja tu. Alimwambia Saumu siku ya kwanza, na hakuchoka kuirudia: "Ukiona uchafu usiniite nije kuutazama. Utoe." Saumu aliishika sheria ile kama swala. Angeweza kuacha chai yake ipoe kwa ajili ya alama ya kidole kwenye kioo.

Sasa, kazi iliyowapa jina ilikuwa mazulia ya msikiti wa Ijumaa. Kila Ramadhani ikikaribia kwisha waliyatoa, wakayaosha, wakayateremsha tambarare kwenye shamba la mkonge. Huko waliruhusiwa kuyatandaza juu ya nyaya za kuanikia mkonge, kwenye jua kali, kwa sababu mlimani kuna ukungu na zulia lenye maji huoza kabla halijakauka. Yakishakauka, yalipandishwa mjini kabla ya Idi. Mtu akisujudu asubuhi ile, akanusa usafi, lazima aulize nani kaosha. Wateja wao wote, kuanzia shule hadi zahanati, walipatikana kwa mtindo huo. Msikiti ukiondoka, kazi yote inaondoka. Hilo mlishike.

Magari ya kupandisha mazulia yalikuwa ya kukodi. Mwaka mmoja wakapata lori lililokuwa limetoka kubeba mbuzi, na Kwemdimu nzima ikaswali Idi ikinusa harufu ya mnada wa mbuzi. Usicheke wewe, Mwantumu alilia. Ndipo akasema, "Basi. Natafuta gari langu."

Yakaletwa magari mawili.

La kwanza lilikuwa la Mzee Zahoro, muuza mkaa. Rangi yake ilikuwa imesahaulika, mlango wa nyuma umefungwa kwa kamba, na ukikaa kiti cha mbele unainuka umevaa mkaa. Mzee Zahoro alisema, "Sura halina, mwanangu. Lakini halijawahi kunilaza njiani."

La pili lililetwa na dalali mmoja kutoka mjini. Jeupe, refu, mlango wake ukisukumwa unateleza bila kelele. Dalali alisema maneno machache, mbele ya watu: "Liangalieni wenyewe. Mkiridhika mchukue. Msiporidhika naondoka nalo." Akawaachia ufunguo, akaenda kulala kwa jamaa yake.

Mwantumu alilizunguka gari la mkaa mara moja, akalizunguka jeupe mara nyingi. Akasema, "Saumu, hivi kweli mtu anayeuza usafi afike kwa mteja na gari kama lile? Si watatufukuza getini?"

"Watatufukuza," akasema Saumu.

"Nani atamwita shemeji aje alikague?"

"Nimeshamwita. Kasema anakuja."

Wakati wanamsubiri huyo anayekuja, Saumu akafungua boneti. Akaona injini imeganda weusi mzito, imetapakaa mafuta na vumbi kama sufuria ya msibani. Je, Saumu angefanya nini? Nyinyi mnaomjua mngefikiri angefanya nini? Alichukua sabuni, akachukua brashi ndogo, akawasha pampu. Mbwana alipofika jioni, futari imekaribia na tumbo linamuuma kwa njaa, alikuta injini inang'aa.

Akasimama. Akakuna kichwa. "Gari la umri huu, injini safi hivi? Mbona hii inanitia shaka?"

"Ni mimi nimeiosha, shemeji," akasema Saumu, naye akimwita hivyo kwa kuiga, na kwa fahari.

Mbwana akacheka, shaka ikamtoka. Akawasha, akasikiliza, akalitembeza mpaka sokoni na kurudi. "Mlio ni mzuri," akasema. "Litembezeni siku chache, nitapita nilitazame tena." Hakusema atatazama nini. Adhana ikasikika, akaenda kufuturu.

Mwantumu akalichukua lile jeupe.

Jamani, gari likapendeza! Watoto wakalikimbilia, wateja wakaongezeka, na mwalimu mkuu akaomba lisimame getini kwake ili shule ionekane ina wageni. Ila kila asubuhi, chini ya gari, palikuwa na doa jeusi kwenye sakafu ya ua.

Saumu aliamka, akaliona doa, akamwaga maranda ya mbao, akasugua kwa sabuni, akanyamaza. Kesho yake doa likarudi. Saumu aliamka, akaliona doa, akamwaga maranda, akasugua kwa sabuni, akanyamaza. Na kesho yake hivyo hivyo. Mwantumu akitoka chumbani alikuta ua unang'aa, akasema, "Mwenzangu, Mungu akupe afya." Na Saumu akafurahi.

Mwantumu ndiye aliyekuwa dereva. Boneti hakuifungua hata siku moja. Aliogopa mikono yake iingie oili kisha ishike mazulia ya watu, na hofu hiyo kwa msafishaji ni hofu ya haki. Alijiambia, shemeji atapita. Na shemeji? Alikumbuka, akaghairi. Alikumbuka tena, likaja lori la mtu. Mwishowe akajiambia, wangekuwa na shida wangeniita.

Ikafika siku ya kuamkia Idi. Mazulia yalikuwa yamekauka vizuri mno kule kwenye mkonge, mepesi, yananukia jua. Mwantumu na Saumu wakayapakia, mengine ndani na mengine juu, likiwemo zulia jekundu la mbele, la kwa imamu. Hilo lilitolewa sadaka na mzee mmoja kwa ajili ya marehemu mama yake. Wakaanza kupanda mlima.

Katikati ya mlima injini ikagonga, ikagonga tena kwa nguvu, ikanyamaza. Mwantumu akafungua boneti kwa mara ya kwanza. Akachomoa kijiti cha kupimia oili, kikatoka kikavu. Injini ilikuwa imenoki, imekufa kwa kukauka oili.

Halafu mvua.

Walivua khanga zao wakayafunika mazulia, wakabaki na magauni. Walisimamisha magari, na magari yote yalikuwa yamejaa watu wanaokwenda kwao kwa sikukuu. Rangi nyekundu ya lile zulia la sadaka ilianza kuchuruzika juu ya mengine, wanaiona, mikono yao minne haitoshi. Aliyekuja kuwaokoa ni Mzee Zahoro na gari lake la mkaa. Likapanda mlima likikohoa, mlango ukigonga kwenye kamba, na halikusimama mpaka msikitini. Mwantumu alilia njia nzima, na hakutaka Saumu amshike.

Asubuhi Kwemdimu waliswali Idi kwenye sakafu tupu. Wazee walisujudu kwenye saruji ya baridi. Yule mzee wa zulia jekundu alikwenda kulitazama lilivyochujuka. Kisha akaenda nyumbani bila kusubiri kupeana mikono, na hilo liliwauma kuliko kutukanwa.

Siku ya tatu ya Idi ikaja kauli ya kamati ya msikiti. Mwenyekiti alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliokata. Alisema, "Kazi hatuwanyimi. Lakini watu wana uchungu, wanataka kujua. Njooni mtuambie kosa ni la nani. Huyo akae pembeni, asiyaguse tena mazulia haya. Wengine tutaendelea nao."

Wakakutana uani wale watatu, gari jeupe limekaa katikati yao.

Mbwana akaanza. "Mimi nilikagua nilichoonyeshwa. Gari linalovuja hujulikana kwa uchafu wake. Uchafu mliuosha. Ningeona nini? Na shida ilipoanza hamkuniita."

Saumu akasema, "Sisi tungejuaje kwamba ni shida? Wewe fundi ulisema utarudi, hukurudi, na hukutwambia tuangalie nini. Kuosha ndiyo kazi yangu. Na doa nililifuta kwa sababu niliambiwa, ukiona uchafu usiniite, utoe. Nimeambiwa hivyo tangu tukiwa na ndoo moja. Dada Mwantumu, si wewe uliyeniambia?"

"Lakini habari ya doa hukuniambia!" akasema Mwantumu. "Sheria ile ni ya vumbi na matapishi ya watoto, si ya gari! Mtu ana akili, anaona kitu kile kile kila asubuhi, anakaa nacho kimya? Mimi nilileta fundi. Nilifanya yote ambayo mtu hufanya. Kosa langu ni kuchagua gari zuri?"

"Ulichagua kwa macho," akasema Mbwana.

"Na wewe ulikagua kwa njaa," akasema Mwantumu.

Wakasemezana mpaka jua likazama, maneno mengine siwezi kuyarudia mbele ya watoto. Na ukweli, nyinyi, ni kwamba kila mmoja alimjua mwenye kosa kabla ya kulala. Mwantumu alilala akijijua. Aliona lile gari la mkaa jinsi lilivyopanda. Alikumbuka mara ngapi alikuta ua umeoshwa, bado una majimaji, na hakuuliza kwa nini ua unaoshwa kila siku mahali pale pale. Aliamua kwamba kesho atasema, ni mimi.

Kesho ikafika. Wakasimama mbele ya kamati. Mwenyekiti akauliza, "Basi, ni nani?"

Mwantumu akafungua mdomo. Hapo ndipo mawazo yakamwingia: nikitoka mimi, nani ataendesha? Wateja wanalijua jina langu, nani atakwenda kuzungumza nao? Si kazi itakufa, na Saumu mwenyewe akose pa kula? Ni mawazo ya kweli, si visingizio. Lakini yalichukua muda. Mbwana alikuwa anatazama viatu vyake.

Saumu akasema, "Ni mimi."

Hakuna aliyembishia. Mwenyekiti aliwatazama wote, akangoja kidogo, akasema, "Haya, Mungu atusamehe sote." Saumu akatoka, akapitia uani kuchukua kandambili zake, akaenda kwao.

Kazi haikufa. Mbwana alilia kwa siri, kisha akaitengeneza injini kwa mikono yake bila kuomba chochote, na tangu siku ile akisema anakuja, anakuja. Lile jeupe sasa linapanda mlima vizuri. Mwantumu amejifunza kupima oili, ananawa mikono mara mbili na kuendelea. Ameajiri wasichana wawili, na sheria yake ameibadilisha: "Ukiona kitu, niite." "Wananiita mpaka kero," husema.

Saumu anafua nguo za watu majumbani. Idi ikifika huja kuswali upande wa wanawake kama wengine. Wanawake wenzake wamemwona mara nyingi, swala ikiisha, akipapasa ukingo wa zulia kwa kidole gumba, akilikagua. Akiona liko safi huinuka. Mwantumu humwona na moyo humwuma, na hajawahi kuzoea.

Mwaka wa juzi alishindwa kuvumilia, akamfuata. Akamkuta kwenye beseni, povu hadi viwikoni. Akamwambia, "Saumu, nimekwenda kwa kamati. Nimewaambia haikuwa haki wewe kutolewa. Wamekubali urudi. Rudi, mwenzangu. Mimi ndiye niliyekosa."

Saumu akakamua nguo aliyokuwa nayo, akaikung'uta, akaianika. "Unasema hivyo kwa sababu unanionea huruma," akasema. "Huruma siihitaji. Mbwana naye alikuja, akasema kosa ni lake. Mimi mwenyewe nikilala naona lile doa, naona ni langu. Basi sisi watatu kila mmoja analichukua, kama vile siku ile kila mmoja alilikataa. Mimi nataka jambo moja. Niambie kweli, siyo ya kunibembeleza: kosa lilikuwa la nani? Siku utakayoniambia nikaamini, nitarudi."

Mwantumu alikaa pale mpaka nguo zikakauka, akasaidia kuzikunja, akaondoka. Ameuliza kwa watu wengi, na mimi mmojawapo. Nami sikuweza kumjibu.

Msiniambie dalali. Dalali alisema liangalieni, nao waliliangalia. Semeni juu ya hawa watatu: aliyechagua kwa macho na kuweka sheria, aliyefuta doa akanyamaza, na aliyeahidi kurudi asirudi. Na mkitaka ongezeni ule ukimya wa mbele ya kamati, mseme nao ni wa nani. Saumu bado anafua, na Ramadhani iko mlangoni.

Je, kosa lilikuwa la nani?