Mkwe Aliyesamehe

Wapendwa, naomba leo twende nyumbani kwa bwana mmoja. Jina lake silitaji, maana nikilitaja wengine mtageuka kumtazama jirani, nami nataka kila mtu ajitazame mwenyewe.

Bwana huyu alikuwa na kompyuta ya mezani aliyoiunda kwa mikono yake. Hakuinunua dukani ikiwa kamili. Leo alinunua feni, mwezi uliofuata kasha, akadunduliza hivyo hivyo mpaka siku ilipowaka. Alihariri video za harusi za mtaa mzima, na mgeni akiingia sebuleni, kabla hajapewa maji ya kunywa, alikuwa ameshaonyeshwa kompyuta. Mnawajua watu wa namna hiyo. Wengine mmekaa nao benchi moja hapa.

Basi mama mkwe wake akaja kumsaidia binti yake aliyekuwa amejifungua. Mama wa watu, mchapakazi, hawezi kukaa bure. Asubuhi moja akafagia, akafuta vumbi kila mahali, na kompyuta nayo akaipangusa kwa kitambaa kibichi. Mchana bwana akabonyeza swichi, kimya. Akabonyeza tena, wapi.

Mkwe hasemwi usoni, hilo tumelelewa nalo. Lakini ulimi ukitaka kuuma hutafuta njia. Bwana akasimama mlangoni, akamwambia mkewe kwa sauti ya kufika jikoni, "Nyumba hii ilikuwa salama kabla watu hawajaja na vitambaa vyao vya maji. Mazabodi imeungua. Mtu asiyejua kitu si akae mbali nacho?"

Mazabodi ni ule ubao mkubwa wa ndani ambao kila kitu hushikizwa juu yake. Ukifa huo, kompyuta imebaki sanduku. Mama alisikia kila neno. Jioni akamwambia binti yake kwamba shamba linamwita, na kesho yake akapanda basi, mtoto hata arobaini hajafikisha. Binti akawa anamwogesha mwanawe peke yake huku akilia, na bwana akijifanya hasikii.

Akatafuta mazabodi nyingine, akaipata. Siku ya kuibadilisha akafungua kasha, akachomoa nyaya, akafungua skrubu zote, akaunyanyua ule ubao wa zamani. Chini yake, ndugu zangu, palikuwa na skrubu. Ndogo, imelala kati ya ubao na bati la kasha, na pale ilipogusa pameungua, peusi. Akaitambua papo hapo. Wiki ile ile alipokuwa akiongeza feni, ilimponyoka. Akaitafuta kidogo, akachoka, akasema itakuwa imeanguka sakafuni, akachukua nyingine. Na maji ya mama? Hayakufika hata karibu. Pale ndani palikuwa pakavu, na vumbi lake liko vilevile.

Mimi na wewe tungefanya nini? Simu ilikuwa mezani, namba ya mama imo. Bwana aliona aibu, aibu ya kweli, uso ukamwaka kama aliyepigwa kofi sokoni, ingawa chumbani hakuwamo mtu. Akaitia ile skrubu mfukoni. Akafunga mazabodi mpya, kompyuta ikawaka, na mkewe alipomuuliza iliharibiwa na nini hasa, akajibu kwamba hayo yameshapita. Moyoni alijiambia atasema, akipata nafasi nzuri.

Nafasi ikamfuata nyumbani. Jumamosi hodi ikapigwa, na mlangoni alikuwa mama mkwe, ana vumbi la safari, kuku wa kienyeji kwapani. Akakataa kiti. Akaketi mkekani, akainamisha uso.

"Baba," akasema, "mimi ni mtu wa shamba, mambo haya siyajui. Nimekutia hasara. Nimekuja kuomba radhi, mjukuu wangu asikue katikati ya watu wenye kinyongo."

Neno lilikuwa limeshafika kooni, tena fupi. Mkewe anamtazama, mtoto yuko mgongoni. Bwana akalimeza.

"Mama," akasema, "nimekusamehe."

Kuku akachinjwa. Firigisi, kama ilivyo desturi, akawekewa baba mwenye nyumba, na mama mkwe ndiye aliyehimiza awekewe. Akaila. Alipomaliza, mama akaja kuondoa vyombo. Kikombe kimoja kilikuwa karibu na ile kompyuta. Mama akanyoosha mkono, akausitisha, akauliza, "Baba, hiki naweza kukigusa?"

Ndugu zangu, hapo tutulie. Mwizi tunamjua, mzinzi tunamjua, wana majina yao. Mtu anayemsamehe mwenzake kosa ambalo amelitenda yeye mwenyewe, huyo tumwiteje? Sisi tumezoea kuhubiriwa tusamehe, na tunasamehe, tena kwa sauti. Lakini ni wangapi humu tumepokea radhi za watu wasio na hatia, tukajiona wapole, tukaja kanisani kuimba? Mke alipiga magoti kwa jambo tulilolivuruga sisi. Dada wa kazi alifukuzwa kwa kitu ambacho baadaye tulikikuta kwenye koti letu. Tukanyamaza, kwa kuwa kunyamaza ni rahisi na firigisi ni tamu.

Msikimbilie kumwambia Mungu. Mungu anajua tangu siku ile, hangoji taarifa yenu. Asiyejua ni yule mama. Yeye bado anaiogopa mikono yake mwenyewe, anaomba ruhusa kugusa kikombe katika nyumba ya mwanawe. Ibada ikiisha, msinisalimie mlangoni. Nendeni kwake kwanza, mkamwambie mikono yake ni safi.