Pakiti ya Kijani Kwenye Kabati la Umeme

Karakana ya Bosi Hung, kule Dajia, haikujua kunyamaza. Tangu asubuhi mashine za kugandamiza chuma zilishuka na kupanda zikikata vipande vya baiskeli, na watu wakaongea kwa kupigiana kelele masikioni. Kati ya mashine hizo, ya tatu ndiyo iliyokuwa na vituko. Ilipiga kazi kidogo, ikakata pumzi na kusimama, na ndani ya kabati lake la umeme taa ndogo nyekundu ikawaka.

Tseng Hsiu-chin, fundi wa umeme wa karakana ile, aliijua sababu. Kutoka kila kitufe chekundu cha dharura, kile kinachobonyezwa mtu akipatwa na balaa, nyaya mbili pacha huenda mpaka kwenye moduli ya usalama. Moduli yenyewe ni kisanduku kidogo tu, lakini haina mzaha. Nyaya zote mbili zikisema neno moja, mashine inakwenda. Moja ikisema hivi na nyingine vile, inazima kila kitu na haikubali kuwashwa. Waya mmoja wa mashine ya tatu ulikuwa umeliwa na mafuta. Moduli ilikuwa nzima kabisa, tena ilikuwa ikisema kweli.

"Bosi, nipe siku moja nivute waya mpya," alisema.

"Siku moja! Kontena linangoja bandarini, wewe unaniletea habari za siku moja? Iruke hiyo moduli. Kipande cha waya hiki hapa, unga huku, unga huku, kwisha kazi."

"Nikiiruka, kitufe kitabaki pambo. Siungi mimi."

Bosi Hung akatema tambuu kwenye kikombe cha karatasi. "Marehemu baba alifanya kazi maisha yake yote bila visanduku vyenu hivyo."

"Na alizikwa na vidole vingapi, Bosi?"

Wafanyakazi waliangua kicheko, kisha wakakimeza haraka. Mama Hung, mjane wa mzee huyo, hakucheka. Alikuwa ameketi penye mashine ya tatu, mikono yake ikiwa imevikwa vifuko virefu vya kitambaa cha maua, vile wanavyovaa wanawake wa viwandani ili nguo zisichafuke. Mwanawe alikuwa amemsihi apumzike nyumbani, naye alijibu kwamba akikaa bure ataota ukungu.

Hsiu-chin alikwenda mjini kununua waya. Aliporudi, alikuta mashine ya tatu inatwanga bila kukohoa, na ndani ya kabati, mbele ya moduli, imesimamishwa pakiti mpya ya vitafunwa vya mahindi, ya kijani. Kila karakana ya pande zile huweka pakiti kama hiyo kwenye mashine ili itulie na kuwa na adabu. Sharti iwe ya kijani, isiwe imepitwa na tarehe, na anayeisogeza pakiti ya mwenzake anamwitia mkosi.

"Umeona, dada?" Bosi Hung alimcheka. "Pakiti ya zamani ilikuwa imepitwa na tarehe, ndiyo maana mashine ilinuna. Ilitaka kubembelezwa tu!"

"Kweli, Bosi," wenzake wakaitikia. Mama Hung akakutanisha viganja na kuliinamia kabati kwa shukrani.

Hsiu-chin alijua kwamba waya uliolika hauponi kwa vitafunwa. Akanyoosha mkono aiondoe pakiti atazame.

"Wee! Usiguse! Mashine ikisimama tena, kontena hilo ni juu yako!" Bosi Hung akafoka.

Macho yote yalimgeukia kama yanayomtazama mchawi. Mkono wake ukarudi. Alijiambia kwamba atatazama mashine itakapozimwa jioni, na kujiambia huko kulimkera hata kabla hajamaliza kufikiri.

Jioni haikufika. Ukingo wa bati ulinasa kitambaa cha maua cha Mama Hung na kumvuta mkono kuelekea chini ya mashine. Mama akapiga ukelele. Aliyekuwa karibu ni mwanawe mwenyewe. Aliruka, akakipiga kitufe chekundu kwa kiganja. Mashine ikashuka. Akakipiga tena na tena, kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba iliyohamwa. Hsiu-chin ndiye aliyekimbilia swichi kuu ukutani na kuivuta, na karakana nzima ikanyamaza. Lakini vidole vitatu vya Mama vilikuwa vimekwisha kwenda.

Gari la wagonjwa lilipoondoka naye, Bosi Hung aligeuka, kwa macho makavu, akamnyooshea Hsiu-chin kidole. "Fundi ni wewe! Kwa nini kitufe hakikufanya kazi?"

Hasira ilimpanda Hsiu-chin. Aliing'oa pakiti akaitupa miguuni pa Bosi. Mahali iliposimama kulikuwa na kipande cha waya, kimesokotwa ovyo, kimeiruka moduli kutoka upande mmoja hadi wa pili. Kando yake taa nyekundu ilikuwa ikiwaka, na ilikuwa imewaka mchana kutwa.

"Kazi ya nani hii? Sema mbele ya hawa!" alifoka. "Moduli ilikwambia una ugonjwa, ukaiziba mdomo! Ukamkalisha hapo mama aliyekuzaa, na ukaacha aishukuru pakiti!"

Asubuhi yake wakaguzi wa kazi walifunga mlango kwa lakiri, na kontena likaondoka bila mali yake.

Hsiu-chin alikwenda hospitali na uji. Mama Hung alimshika kwa mkono uliobaki mzima. "Mwanangu anasema mashine ilishikwa na wazimu tu. Ati hakuna wa kulaumiwa. Niambie wewe, binti yangu."

Kumbe hata hapo, mbele ya kitanda cha mamaye, Bosi bado alikuwa anaficha! Hsiu-chin alimweleza yote. Mama Hung akageukia ukuta.

"Mwambie asije kunitazama," alisema.

Wateja nao walihama mmoja mmoja, mashine zikauzwa kama chuma chakavu, na jina la Hung likashushwa mlangoni. Karakana ilipokufa, hapakuwa na mtu Dajia asiyejua ilikuwa ikiugua nini, na ni nani aliyekuwa akiuficha ugonjwa huo. Hakika, mficha maradhi kifo humuumbua.